Jasho Juu ya Sateni Nyeupe

"Hii kinini banaitengeneza na nini?"

Mama aliniuliza huku ameshika kichupa cha vidonge; kwetu kidonge chochote huitwa kinini. Mimi ndiye niliyesoma kwa masista, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kujua. Nilisoma karatasi ya Kifaransa iliyobandikwa juu yake. Ilitaja jina refu la dawa na kusema inywewe kila siku. Inatokana na nini, haikusema.

Ilikuwa mtaani kwetu Kadutu, miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Mama alishona magauni ya harusi na ya komunio ya kwanza. Alikuwa ameacha kwenda mwezini, na joto lilimpanda ghafla toka kifuani hadi kichwani, hata mvua ikinyesha. Kwa mwanamke mwingine ungekuwa usumbufu tu. Lakini tone la jasho likianguka juu ya sateni nyeupe huacha alama, na gauni moja lilikuwa limerudishwa tayari. Sasa alikuwa na gauni la binti wa madamu mmoja wa Kibelgiji. Hilo likiharibika, nani angemletea kitambaa tena?

Kichupa kilitoka kwa madamu huyo, aliyekuwa rika la mama na mwenye joto lile lile. Mama alipomwuliza dawa inatokana na nini, alicheka. "Mimi sijui. Mimi nakunywa, nalala muzuri."

Dada mkubwa wa mama akaja toka kijijini Mudaka na dawa yake: mubirizi, jani chungu ambalo kwetu kila mtu hulinywa kwa malaria. Lichumwe kungali na umande, na mchumaji asijibu salamu ya mtu mpaka amelinywa.

"Mama mukubwa, mubirizi iko dawa ya malaria. Mama hana malaria."

"Iko na joto?"

"Ndiyo."

"Basi. Joto iko joto."

"Na salamu? Jani iko na masikio?"

Alimgeukia mama. "Mudogo wangu, huyu mutoto masista banamulisha nini?"

Mubirizi uliota kando ya njia ya kwenda bombani, na alfajiri njia hiyo ilijaa wanawake wenye ndoo. "Jambo, maman!" Mama alipita kimya, majani mkononi. Haikuchukua muda wakaanza: "Fundi amekuwa madamu! Jambo yetu haimufikie tena!" Akishakunywa alisimama mlangoni na kuwarudishia salamu zao kwa sauti, mmoja mmoja. "Hiyo jambo iko ya leo ao ya jana?" walimjibu wakicheka.

Nilimshauri aache majani kwa juma moja, tuone kama joto litazidi.

"Nikuwe chura ya kupasua mu masomo yako? Na robe ya binti ya madamu nani atashona?"

Kichupa alikiweka kwenye rafu juu ya cherehani na hakukifungua. "Mubirizi naijua toka utoto," alisema. Kwa kuwa sasa aliamka mapema kwa ajili ya jani, alianza kushona saa hiyo hiyo ya baridi, mlango wazi, kitambaa kimefungwa kwenye paji la uso. Mchana joto lilikuja kama zamani. Aliondoa mikono juu ya sateni, akangoja lipite.

Gauni lilimalizika likiwa jeupe kabisa. Mama mkubwa alisema ni mubirizi. Madamu alilipapasa mshono kwa mshono, akasema, "Umeona? Kinini yangu." Mama aliwashukuru wote wawili. Mimi nilidhani ni baridi ya asubuhi, lakini hakuna aliyeniuliza. Kabla ya kuondoka, madamu aliacha kitambaa cha gauni jingine.

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, nilikutana na lile jina refu katika kitabu cha madawa. Dawa ile ilitengenezwa kwa mkojo wa farasi majike wenye mimba.