Jeli Inayoita Nyama

Ukiosha mchanga wa dhahabu huku Geita, unajifunza kumwogopa mwenye kucha ndefu. Chembe hujificha humo. Kwa hiyo nesi alipofungua kidonda cha mume wangu pale kwenye muundi, mimi nilitazama kucha zake kwanza. Zilikuwa fupi. Hata hivyo sikumwamini.

Jiwe lilikuwa limemwangukia duarani, kule shimoni anakochimba, na kidonda kikagoma kufunga miezi kadhaa. Daktari alishatuambia kikifika mfupani, mguu unakatwa. Majirani wakashauri tupasue kidonge cha rangi mbili tunyunyize unga wake. Kidonda kikakauka juu, chini kikazidi kuoza. Sasa nesi alikuwa anapaka jeli yenye kuteleza kama mlenda, akisema ndani mna vichocheo vinavyotoka kidogo kidogo na kuiita nyama mpya.

"Hata zebaki huiita dhahabu," nikamwambia. "Ukiichoma inapaa, inakuachia sumu kifuani. Hii nayo itaondoka na nini?"

"Haiondoki na kitu, mama. Inayeyuka tu."

"Mbona bure?"

"Bado inajaribiwa. Baba ameelezwa, amekubali."

"Nduhu tabu, hakuna shida," mume wangu akacheka. Mtu anayeshuka shimoni kwa kamba atakataa nini?

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kila bendeji ilipofunguliwa nilisimama karibu. Siku jeli ilipotoka imegeuka majimaji ya njano nikapiga kelele kwamba ni usaha. Nesi akaniambia ninuse. Haikunuka, nami nikazidi kukasirika.

Nyumbani, mume wangu alikaa nami akichambua mchele, akiniudhi kwa hadithi zake. Tangu tuoane sikuwahi kumpata hivyo. Wapita njia wakisema kuna duara limetitia, nilimwonea huruma mke wa mtu mwingine, kisha nikaendelea kupika.

Nyama ikapanda, nyekundu na safi, ngozi ikafunga kuanzia pembeni. Nesi alinipa mkono nikaupokea kwa mikono miwili. Nilifurahi kweli, mguu ulikuwa umepona.

Tulipofika nyumbani mume wangu hakukaa. Aliingia ndani, akatoka na kamba begani, anaijaribu tochi yake ya kichwani kama bado inawaka.

"Naenda kuwasalimu wenzangu tu," akasema.

Nilijua ile jeli haitaondoka mikono mitupu.