Nilifunika Ruta kwa Kitambaa, Mdogo Wangu Akakosa Kazi

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Kosa ni langu mimi, mwanamke mzima mwenye nyumba yangu hapa mtaani Buzebazeba. Afadhali niseme.

Nyumba yangu haina dari. Juu ni mabati matupu, na nyuma ya ukuta wa sebule ndipo jiko langu lilipo, ninapochemsha chikichi za kukamua mawese. Ikifika saa saba mchana hata paka anahama!

Mwaka jana niliamua kuvuta intaneti nyumbani. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaishi kwangu. Alisomea maabara, akakaa muda mrefu bila kazi, akawa anatuma maombi kila kona kwa kompyuta ya kuazima.

Fundi aliyekuja ni mtu wa Kidahwe, mtaratibu sana. Alileta ruta mbili, vile vifaa vya kusambaza intaneti ndani ya nyumba. Moja nyeupe, nyembamba, inang'aa. Nyingine nyeusi, nene, ina matundu kila upande. Akatazama mabati, akajifuta jasho.

“Dada yangu, hapa pana joto kali. Chukua hii nyeusi, imetengenezwa kwa sehemu kama hizi. Tuifunge ukuta wa mbele, chini chini, mbali na jiko, ipate hewa. Hiyo nyeupe ni ya nyumba zenye viyoyozi.”

Mimi nikaiona ile nyeusi mbaya! Wageni wangu wakute dude kama lile sebuleni?

“Fundi, wewe funga nyeupe. Nyumba ni yangu.”

Akafunga, akaenda zake. Alipoondoka tu nikaihamishia kwenye kabati la vioo, lile lililoegemea ukuta wa jiko, nikaifunika kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu. Televisheni ina chake, friji lina chake, na ruta ikapata chake. Nikafunga kioo, nikajisifu kabisa.

Tangu wiki ile intaneti ikawa inakatika kila mchana, inarudi jua likipoa. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikamgeukia mdogo wangu! Nikamwambia anaimaliza kwa kuangalia video za kipuuzi. Nikampigia hadi mama yetu, kijijini Ilagala, nikamsema vibaya. Maskini alilia, akaacha kuigusa mchana.

Kisha akaitwa kwenye usaili wa kazi, kwa video, saa nane mchana. Akaniomba kwa adabu zote.

“Dada, niruhusu niende kwa rafiki yangu Ujiji. Kwao haikatiki.”

“Una intaneti nyumbani halafu ukaombe kwa watu? Unataka waseme naringia kitu kibovu?”

Akabaki. Akajifunga mtandio mpya, akakaa mbele ya kompyuta, jasho linamtiririka. Wakamsalimia, wakamuuliza swali la kwanza. Ndiyo kwanza anafungua mdomo, picha ikaganda. Ikapotea!

Alihangaika na bando la simu. Alipofanikiwa kuingia tena, wakamwambia zamu yake imepita.

Yeye yuko chumbani analia, mimi nikafungua kabati. Jamani! Joto lilinipiga usoni. Plastiki inanuka kuungua, kitambaa kimegeuka rangi ya chai katikati, ruta yenyewe haishikiki. Nikaelewa yote pale pale.

Sasa sikieni uchafu wangu. Nilikikunja kile kitambaa, nikakitupia kwenye moto wa chikichi. Kisha nikaingia chumbani, nikamshika bega.

“Pole mdogo wangu. Mtandao umekatika mji mzima.”

Bila haya! Naye akaniamini.

Alirudi Ilagala kwa mama, siku hizi anaanika dagaa. Wiki iliyopita alinipigia.

“Dada, asante kwa kunivumilia. Naona ile kazi haikuwa riziki yangu. Na unisamehe, nilikuwa nakumalizia intaneti.”

Ananiomba msamaha mimi! Na mimi, kwa mdomo huu huu, nikamjibu, “Nimeshakusamehe.” Khaa! Mtu gani anafanya hivyo?

Ninyi mnaoishi chini ya mabati kama mimi, msichague ruta kwa sura. Mwulizeni fundi ipi inavumilia joto, na akisema mumsikilize. Iwekeni wazi, chini, mbali na jiko. Haihitaji kuvishwa nguo! Na mkiharibu, semeni siku ile ile, kabla aliyeumia hajaanza kujilaumu mwenyewe.

Mimi nimeweza kuwaambia ninyi nyote msionijua. Yeye mpaka leo anadhani haikuwa riziki yake.