Waya Mweusi wa Bi Zuhura

Nasema haya ili nisiendelee kujificha. Mimi na jirani yangu, Bi Zuhura, sote twauza juisi baridi hapa Mji wa Kale. Tangu aweke sola, juisi yake ikawa rahisi kuliko yangu, na wateja wakahamia kwake. Kwa wivu nikajisomea mambo ya sola miezi mitatu. Hesabu zangu zikaonyesha kwamba paneli zake nne haziwezi kuendesha friza zake. Tena kulikuwa na waya mweusi uliovuka kichochoro kutoka paa lake. Nikamshtaki kwa mzee wa mtaa kwamba anaiba umeme.

Mzee alikuja na fundi, aliyekagua paneli na betri za Bi Zuhura akasema zatosha friza zake na zaidi. Tukaufuata waya hadi dirishani, ukaishia nyuma ya friji. Ilikuwa friji ya jikoni kwangu.

“Baba Khadija,” mke wangu akasema taratibu, “stima ikipotea, sindano zako za sukari zabaki baridi kwa nini?”

“Nilidhani friji yetu ni nzuri.”

“Ningekwambia, ungeukata.”

Fundi alishika koleo. Bi Zuhura, aliyesimama mlangoni, akamzuia.

“Usiukate, mwanangu. Tumtibu sukari kwanza, wivu baadaye.”