Sanduku la Umeme la Mama Mdogo

Mama mdogo anatotoa vifaranga kwa mashine kwenye chumba cha nyuma, mwaka wa kumi na mbili huu. Zamani umeme ukikatika alikuwa habanduki. Anafunika mashine kwa blanketi, anapanga chupa za maji ya moto, anazibadilisha mpaka umeme urudi. Harusi za watu zimempita, misiba pia. Roho iliniuma, nikamnunulia betri kubwa ya kubeba, ile yenye soketi kama za ukutani.

Alilizunguka sanduku hilo kama anayechagua mbuzi.

"Zito hivi! Nani ataliinua?"

"Utalikokota, mama."

"Na chaji ikiisha? Si linangoja umeme uleule uliokatika?"

"Linakaa saa nane, mama mdogo. Acha ubishi!"

"Nikichemshia maji?"

"Hapo hapana. Birika litalizidi nguvu."

Akaguna. Mimi nikajiona bingwa.

Mwezi uliopita alitia mayai arobaini ya kuku wa marehemu mama yangu, dada yake. Kuku wenyewe ugonjwa wa kideri uliwafagia wote wiki ileile. Yaani mbegu yote ya mama ilikuwa mle ndani, hakuna nyingine popote.

Siku ya ishirini, bado moja tu vifaranga vitoke, umeme ukakatika asubuhi. Alikuwa na miadi ya macho hospitali, na ameshaikosa mara mbili.

"Nenda bwana," nikamwambia. "Sanduku lipo, litalinda."

Nikachomeka mashine kwenye sanduku, akaenda. Nami nikaenda kazini.

Saa nane mchana akanipigia. Sauti haikuwa yake. "Njoo. Mashine imepoa."

Nilifika mbio. Umeme ulikuwa bado haujarudi, lakini chaji ya sanduku ilikuwa tele! Nikakitafuta kile kitabu cha maelezo ambacho sikuwahi kukifungua. Ukurasa wa nne, kwa herufi za sisimizi: likiona umeme unaotumika ni kidogo, linajizima lenyewe. Na ile mashine ikishapata joto hupumzika kwanza. Sanduku likadhani kazi imekwisha. Lo! Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama mdogo, kosa ni langu. Sikusoma."

Alikuwa ameshaliwasha tena, amepiga magoti mbele ya mashine. Hakugeuka.

"Kusoma hata mimi ningesoma," akasema. "Uliniambia niondoke, nami nikaondoka nimefurahi. Njia nzima nafurahi. Hicho ndicho kinachoniuma."

Nilimletea mzigo ule ili apumzike, nikasahau kwamba mayai hayakuwahi kulindwa na blanketi wala chupa. Yalilindwa na yeye kuwepo.

Akatoa yai, akaliweka sikioni, akalirudisha. La pili vilevile. La tatu, la nne, kimya. Nilianza kulia bila aibu.

Kwenye la tisa akasita. Akanivuta kichwa kama nilipokuwa mdogo, akaniwekea yai sikioni. Ndani kulikuwa na kitu kinagonga, taratibu, kinaacha, kinagonga tena.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi vuta kigoda, ukae. Kila likijizima, uliwashe. Na piga simu kazini, waambie leo hurudi."