Vita na Mapambano Si Kitu Kimoja

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya hamsini ikianza, karani mkuu wa boma la Shinyanga alinikalisha kwenye benchi akaniambia, "Mkalimani ni mdomo wa mwenzake. Usiongeze, usipunguze." Kazi yangu ilikuwa kugeuza Kisukuma kuwa Kiswahili mahakamani. Niliiona rahisi. Rahisi ya wapi!

Ninyi vijana siku hizi kila kitu mnakiita mapambano, hata kutafuta ugali. Enzi zetu lilikuwa neno la silaha: pande mbili zinakutana, zinapigana kidogo, zinaachana. Ugomvi ulikuwa wa mikono mitupu. Lakini vita vina kiongozi aliyevipanga, na mahakamani kiongozi huyo alifungwa miaka mingi.

Nilipohamishiwa Geita, mkulima mmoja, Maganga, aliletwa mbele ya Bwana Shauri, mzungu aliyekuwa mkuu wa wilaya na hakimu pia. Ng'ombe wa Maganga walikuwa wameibwa, naye akapiga mwano, yaani yowe la hatari. Kwetu mwano ukilia kila mwanamume hutoka na silaha. Anayebaki nyumbani hutengwa. Wakafuata nyayo za ng'ombe hadi kambi ya wachimba dhahabu, na huko mishale ikaruka.

"Nani aliongoza vita hivyo?" Bwana Shauri aliuliza.

Maganga akajibu kwa majivuno, maana kwa mila zetu aliyetangulia husifiwa: "Ni mimi. Nilikuwa mbele ya wote."

Jamani, mtu anajifunga mwenyewe. Nilimhurumia, lakini nilitafsiri vilevile alivyosema.

Kisha akaitwa shahidi wa serikali, mchimbaji Msumbwa kutoka Ushirombo. Aliingia akichechemea, mshale ulikuwa umempata pajani.

"Bwana Mkubwa, hivi havikuwa vita," alisema. "Ng'ombe walipopatikana, wenzake waliwaswaga wakaenda zao. Huyu akabaki. Alichana shuka lake akanifunga jeraha, akanibeba mgongoni hadi hospitali. Polisi walimkamatia mlangoni, bado amenibeba."

Bwana Shauri aliweka kalamu chini. "Basi yalikuwa mapambano," alisema, na Maganga akarudi kwake na onyo tu.

Sasa nimestaafu, nakaa Ngokolo, mtaa wa Shinyanga mjini, na redio yangu. Ikitangaza mapambano mahali fulani, wajukuu huuliza nani kashinda. Mimi huuliza kama yupo aliyebaki nyuma.