Bi Kipimo hapimi kompyuta ikiwa uchi

Saa tatu asubuhi, Bi Kipimo anavua viatu mlangoni, anasalimia, na kabla hajakaa anauliza swali ambalo halijawahi kuulizwa katika sebule hiyo.

"Mkicheza, dirisha hili huwa wazi au mnalifunga?"

"Tunalifunga," anajibu mwenye nyumba. "Vumbi."

"Basi lifungeni. Naitaka nyumba ilivyo siku zote. Isijipambe kwa ajili yangu."

Ameitwa kupima kompyuta. Siyo kuitengeneza wala kuiuza. Kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta ya nyumbani iliyonunuliwa kwa ajili ya michezo, kuichezesha mchezo uleule, kipande kilekile, tena na tena, kisha aseme kwa takwimu kama inatimiza ahadi ya dukani au mnunuzi alipigwa changa la macho.

Mwenye nyumba ni dereva mstaafu wa malori. Zaidi ya miaka thelathini alikula lami, mpaka goti la kulia likagoma kukanyaga breki na kampuni ikampa mkono wa kwaheri. Wanawe wakachanga, wakamnunulia kompyuta, usukani wa mezani wenye breki ya mkono, na mchezo wa kuendesha malori.

"Siku ya kwanza nililia," anasema bila aibu. "Mama watoto akadhani nimeletewa habari ya msiba."

Siku hizi analia kwa sababu nyingine. Kila akiteremka mlima ndani ya mchezo, picha inakwama, inaruka, inakwama tena. "Nakata kona, gari bado linafikiria. Likimaliza kufikiria, tuko korongoni na mzigo wa watu."

Dhamana ya duka inakwisha leo jioni. Kipimo kisipoonyesha kasoro kabla ya duka kufungwa, kompyuta itabaki hapo ilivyo, na mzee atabaki na korongo lake. Amepiga simu dukani mara mbili. Mara zote mbili amejibiwa kwamba kompyuta ni nzima, ila mikono yake imezeeka.

"Mikono yangu!" anasema, akiinyoosha mbele kama anayekaguliwa na askari. "Hii mikono imerudisha lori kinyumenyume kwenye daraja la mbao, usukani umekatika nusu. Leo mtoto wa dukani ananiambia imezeeka."

Ujanja huu si mpya, na wenye kumbukumbu hawahitaji kuelezwa. Ziliuzwa redio za spika nne, ukizifungua mbili ni matundu yaliyozibwa kitambaa. Ziliuzwa betri zilizoongezwa uzito kwa mchanga. Mnunuzi akilalamika aliulizwa kama amesoma maelekezo. Bidhaa zimebadilika na maduka yamewekwa vioo, lakini jibu ni lile lile: kasoro iko kwako wewe uliyenunua.

Bi Kipimo analijua jibu hilo kutoka upande wa pili wa kaunta. Miaka tisa iliyopita alikuwa muuzaji katika duka hilohilo lililomuuzia mzee kompyuta. Mwenye duka, ambaye mtaa mzima unamwita Bosi Ofa kwa sababu haipiti wiki bila bango la punguzo, alikuwa na desturi yake. Kompyuta ya maonyesho iliwekwa chini ya kiyoyozi, ubavu wake umefunguliwa ili taa za ndani zionekane, mteja akachezeshwa kwa dakika tatu. Nani asingeipenda?

Bi Kipimo akaanza kuzifunga, kuziacha zichemke nusu saa, na kubandika kipimo cha kweli kwenye kila moja. Bosi Ofa alivibandua kimoja kimoja mbele ya wateja.

"Akaniambia, 'Nimekuajiri uuze, sikukuajiri upime.' Nikamwambia asante, umeshanipa jina la biashara."

Hakwenda darasani kujifunza. Alisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akaunguza vifaa vya watu wawili na kuvilipa, akajua. Sasa kipimo kimoja kinamlipa mchele kilo tano, mafuta ya kupikia na chenji kidogo. Wiki nzuri anaitwa mara sita. Wiki mbaya anaitwa mara mbili, na moja kati ya hizo ni ya shemeji yake, asiyelipa.

"Shemeji yangu nampimia kwa dua," anasema. "Na dua zenyewe simwombei."

Kanuni yake ya kwanza ni kutompima mtu kisogoni. Kwa hiyo amempigia Bosi Ofa aje ashuhudie. Bosi Ofa amesema yuko njiani, na wote wanajua maana ya neno hilo. Bi Kipimo anaamua kuanza na kipimo cha kujaribia.

Anachungulia nyuma ya meza kwanza. Anahakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya picha, siyo kwenye tundu la kawaida lililo juu yake. "Nusu ya wagonjwa wangu hupona hapa," anasema. Waya uko sawa. Anafunga kila programu inayojiendesha kichinichini. Anamwekea mzee safari moja: mlima uleule, mvua ileile, mwendo uleule. Mzunguko wa kwanza huwa anautupa, maana mchezo unakuwa bado unapakia mizigo yake. Anahesabu wa pili na wa tatu.

Kinachohesabiwa ni picha. Kompyuta huchora picha nyingi kwa sekunde moja. Zikifika sitini, jicho linaona mwendo laini. Zikishuka chini ya thelathini, jicho linaanza kuona mikwamo. Tangazo la duka liliahidi tisini.

"Tisini ya wastani," anasema Bi Kipimo kwa dharau. "Mchezaji haumizwi na wastani. Anaumizwa na ile sekunde moja ya kwenye kona."

Kwenye kona ya mlima, namba pembeni ya skrini inaporomoka: hamsini, thelathini na nane, kumi na tisa. Lori linapiga kingo na kupinduka.

"Umeona?" mzee anafoka. "Hiyo ni mikono?"

Bi Kipimo anasogea. Anaweka kiganja juu ya boksi la kompyuta kusikiliza joto, na kiganja chake hakigusi chuma. Kinagusa uzi. Ni kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, chenye maua pembeni, kimetandazwa juu ya boksi na kuteremka nyuma yake hadi mezani. Alipochungulia waya alikidhani cha meza, kumbe kimeziba matundu yote ya kutolea joto.

"Hiki ni cha nani?"

"Changu," anasema mke wa mzee, akitokea jikoni na sahani mkononi. "Nimekifuma mwenyewe. Kitu cha thamani kama hicho nikiache wazi, mwanangu? Hata televisheni nimeifunika."

Kweli, televisheni imefunikwa. Redio pia. Na jagi.

"Mama watoto," mzee anasema taratibu, "umeifunika kompyuta yangu kama maiti?"

"Maiti ningemfunika na kitambaa kizuri hivyo?"

Sasa mambo yamesimama hapo. Bosi Ofa hajafika. Kumi na tisa imeshaandikwa kwenye kompyuta, na ni namba ya kummaliza mtu. Bi Kipimo angeweza kukivuta kitambaa, kukikunja, kukiweka jikoni, na kumkabidhi bosi wake wa zamani namba hiyo kama hukumu. Miaka tisa amemsubiri mtu huyu akae kwenye kiti cha kuhojiwa. Mzee anamwangalia. Mkewe anamwangalia.

"Kiacheni palepale," anasema. "Akija akikute."

"Lakini binti, si atasema makosa ni yetu?"

"Atasema. Na sehemu yake itakuwa kweli. Baba, nikidanganya mara moja kwa ajili yako, kesho kipimo changu kina tofauti gani na bango lake?"

Bosi Ofa anaingia akipangusa jasho, shati limenyooka, simu mbili mkononi. Anasalimia wazee vizuri, maana huo ustaarabu anao. Bi Kipimo anamwonyesha kila kitu, pamoja na kitambaa. Uso wa Bosi Ofa unachanua.

"Basi kesi imekwisha! Mama, mashine inapumua kama mtu. Dhamana haihusu vitambaa."

"Kesi haijakaa hata kwenye kiti," anasema Bi Kipimo. "Mama, naomba ukitoe sasa. Bosi, vuta stuli. Ni nusu saa, boksi likiwa limefungwa."

"Nusu saa? Sisi dukani tunapima..."

"Dakika tatu, ubavu wazi, chini ya kiyoyozi. Nakumbuka, bosi. Nilikuwa nasimama pembeni nikipiga makofi. Mimi sipimi kompyuta ikiwa uchi. Inavyolala hapa ndivyo nitakavyoipima."

Mzee anaendesha. Mama analeta chai. Bosi Ofa anatazama simu ya kwanza, kisha ya pili, kisha, kwa kukosa la kufanya, anatazama barabara ya kwenye skrini. Mwanzoni namba inamfurahisha: themanini na moja, themanini. Anakohoa kwa maana. Halafu joto linapanda polepole, na namba inaanza kushuka nalo. Kwenye kona ya mlima inafika thelathini na moja. Lori linapita kwa kubahatisha, tairi la nyuma likining'inia.

"Kitambaa kiko wapi sasa?" anauliza mama, akiwa amekipakata.

"Nyumba ina joto," anasema Bosi Ofa.

"Nyumba ina watu wawili na birika," anasema mzee. "Joto gani?"

Bi Kipimo anamkabidhi Bosi Ofa bisibisi. Boksi lina kibandiko cha dhamana ambacho mkono usio wa duka ukikichana dhamana inakufa, kwa hiyo hajakigusa na hataki kukigusa. "Fungua wewe. Toa feni ya kichwani, ile inayokaa juu ya ubongo wa mashine. Taratibu."

Bosi Ofa anafungua. Feni inatoka pamoja na kipande chake cha chuma cha kunyonya joto. Chini ya chuma hicho, palipotakiwa kugusana uso kwa uso na ubongo wa kompyuta, kuna nailoni nyembamba inayong'aa. Ina maandishi mekundu ya kiwandani: ondoa kabla ya kufunga.

 Mama ndiye anayesogea, anainama, anaisoma kwa sauti, kisha anamtazama mwenye duka kuanzia viatu hadi kichwani.

"Kumbe na nyinyi mnafunika."

Mzee anacheka mpaka anashika goti.

Bosi Ofa anabandua nailoni. Anapaka ute mweupe wa kupitisha joto, ambao Bi Kipimo huwa nao kwenye mkoba, anarudisha feni, anafunga ubavu. Kipimo kinaanza upya: nusu saa, dirisha limefungwa, mlima uleule, mvua ileile. Namba inakaa sabini na kitu na haitaki kuondoka hapo. Kwenye kona inagusa sitini na nne. Lori linateremka kama maji kwenye mfereji, na mzee ameketi wima kama yuko kazini. Anabadilisha gia. Anapiga honi kwenye kona, ingawa hakuna gari linalokuja.

"Sabini na kitu siyo tisini," anasema Bi Kipimo. "Lile tangazo lishuke leo."

"Litashuka." Bosi Ofa anakunja na kukunjua ile nailoni. Kisha anasema kwa sauti ya chini kile ambacho kila mtu alikuwa ameshakifikiria: kompyuta hii ilikuja na nyingine kumi na moja, zilifungwa wiki moja, na mkono mmoja. "Zote zimeshauzwa. Na wawili wameshapiga simu."

"Ukawaambiaje?"

Bosi Ofa anaisokomeza nailoni mfukoni.

"Ukawaambia mikono yao imezeeka," mzee anamalizia kutoka kwenye usukani, bila kugeuka.

Mlangoni, Bosi Ofa anamwomba Bi Kipimo arudi kazini. Anataja mshahara, na si mbaya. Bi Kipimo anavaa viatu bila haraka.

"Sirudi kaunta, bosi. Nataka meza. Kila Jumamosi, mbele ya duka lako, watu wakiona. Anayenunua asiondoke mpaka kompyuta yake imefungwa, imechemka nusu saa, na namba ameiona kwa macho yake. Unanilipa wewe, siyo yeye. Tunaanza na hao kumi na mmoja, na wewe ndiye utakayewapigia."

"Ukikuta mbovu, unasema mbele ya watu?"

"Nikikuta nzima, nasema pia mbele ya watu. Leo si nimekusemea kuhusu kitambaa?"

Bosi Ofa anasema atafikiria, anapanda gari lake, anaondoka. Bi Kipimo haonekani kuwa na wasiwasi. Ndoto yake ni kubwa kuliko Jumamosi moja: anataka kufundisha wanawake watano, kila mmoja ashike mtaa wake, mpaka muuzaji aone aibu kuuza kompyuta ambayo haijapimwa, kama mchuuzi wa nyama anavyoona aibu kuuza bila mizani.

Na Bosi Ofa akikataa meza?

"Basi nitapima barabarani, mlangoni kwake, siku hiyohiyo ya Jumamosi," anasema. "Umeme nitavuta kwa fundi viatu wa jirani. Nimeshaongea naye tangu juzi, amekubali. Amenipa sharti moja tu: niende na kiti changu."