Ujumbe wa Mama Kibodi

Wenzake hospitalini walimwita Mama Kibodi, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia juu ya herufi huku yeye akipiga soga. Kazi yake ilikuwa kuwatumia jamaa za wagonjwa ujumbe wa simu: leteni nguo safi, njooni mumchukue, amepata ruhusa. Kipindupindu kilipoingia mjini, ujumbe ukawa karibu wa aina moja tu: "Tunasikitika kukuarifu kwamba mgonjwa wako amefariki. Fika chumba cha maiti." Aliunakili, akautuma, akaunakili tena, mpaka mkono ukafa ganzi na maneno yenyewe yakawa hayana uzito.

Fundi wa kompyuta alimwonea huruma.

"Mama, utajiua bure. Njoo nikufundishe kitanzi."

"Kitanzi? Unataka tumnyonge nani?"

Wakacheka. Akamweleza: unaandika amri mara moja, kompyuta inairudia yenyewe. Ichukue namba ya kwanza, itume ujumbe, isogee kwenye namba inayofuata, ifanye vilevile mpaka namba ziishe. Mama Kibodi akawa anakula chakula cha mchana mbele ya kompyuta, anajifunza. Siku majina ya ndugu zake yalipojipanga yenyewe kwenye kioo, alipiga kigelegele ofisi nzima ikageuka.

Siku alipokitumia kitanzi kwa kazi yenyewe, fundi hakuwepo. Aliandika haraka, akabonyeza, akaenda kunywa chai. Alikuwa amesahau mstari mmoja, ule wa kuiambia kompyuta isogee. Kompyuta ikaganda kwenye namba ya kwanza, ikatuma, ikatuma, ikatuma.

Namba hiyo ilikuwa ya mshonaji mmoja wa nguo. Alikuwa na watu watatu wodini: mkewe, mama yake na binti yake mdogo. Ujumbe haukutaja jina. Wa kwanza ulipoingia, alikaa chini. Wa pili ulipoingia, akajua wamekwenda wawili. Wa tatu ulipoingia hakutaka kusikia zaidi; aliizima simu, akawaomba majirani wachimbe makaburi matatu.

Alifika hospitali amebeba mashuka matatu meupe aliyoyakata mwenyewe, moja likiwa fupi.

"Nimekuja kuchukua watu wangu," alisema dirishani.

Mama Kibodi alikuwa ameshagundua kosa na kuizima mashine. Alimwuliza jina, akalitazama kwenye orodha, akatoka nje kumkabili.

"Baba, nisamehe. Aliyefariki ni mmoja. Ule ujumbe mwingine ni kosa langu, mashine imejirudia."

"Mmoja? Yupi?"

"Mkeo, baba. Mama wa mtoto."

Mshonaji hakujua alie au ashukuru. Alilitoa lile shuka fupi, akalikunja mpaka likaenea kiganjani, akalitia mfukoni.

"Nimeshawalilia wote," alisema. "Sasa nianze upya vipi?"

Mama Kibodi alikwenda mazikoni, akasimama nyuma kabisa. Wanaume walifukia kaburi moja, kisha wakarudisha udongo kwenye yale mawili matupu, na hakuna aliyejua aseme pole gani. Kabla wiki haijaisha, mama yake mshonaji naye alikata roho. Moja la yale makaburi matupu likafukuliwa upya.

Wakubwa hawakumfukuza kazi. Walimwambia arekebishe kitanzi, maana kazi ilikuwa imewazidi. Alikirekebisha, akakijaribu kwanza kwa simu yake mwenyewe. Lakini habari za misiba alikataa kata kata kuzitia humo. Kwa hizo alipiga simu, akamtaja marehemu kwa jina, akangoja kilio kitulie. Jioni alirudi nyumbani hana sauti, na dada yake akadhani amenuna.

Binti wa mshonaji alipopata ruhusa, simu ya baba yake haikupatikana. Tangu siku ile hakuiwasha tena. Mama Kibodi akamfuata kwa miguu mpaka kibandani. Alipomwona mlangoni, mshonaji aliuondoa mguu kwenye cherehani.

"Usiseme," alimwambia. "Nakuomba, dada, usiseme."

"Amepona, baba. Ameruhusiwa. Anauliza viatu vyake viko wapi."

Mshonaji alimkazia macho, kama anayengoja neno jingine lifuate. Halikufuata. Akainuka, akafunga kibanda, akashika njia ya hospitali bila kumngoja.